Stesheni ya Kigoma juu ya nusu plaiwudi

Jamani, modeli ya treni yetu haiuzwi kwenye boksi. Ukiingia mtandaoni utakuta kampuni za treni ndogo za modeli, Hornby wana treni za Uingereza, Märklin wana za Ujerumani, zimetengenezwa vizuri mpaka unabaki unaangalia tu, lakini kichwa cha reli ya kati kilichopakwa vumbi la Nguruka na Uvinza hakuna kampuni inayokiuza, kwa hiyo mtu wa Kigoma ukitaka kujenga treni ndogo inayofanana na ile unayoisikia ikipiga honi ikiingia mjini, inabidi uende ukaiangalie yenyewe, uipige picha, upime, urudi nyumbani ukate. Na mi naona hiyo ndo raha yenyewe. Watu wanafikiri hii hobi ni ya kununua, kumbe ni ya kuangalia.

Nianze na kipimo maana wengi wananiuliza. Skeli inayotumika zaidi duniani ni HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na njia yake ina upana wa milimita 16.5 kati ya reli na reli. Hiyo inawakilisha reli pana ya wenzetu wa Ulaya, ile ya milimita 1,435, ambayo ndo hiyo hiyo ya SGR, reli yetu mpya. Sasa reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Ukitaka kuwa sahihi kwa HO unatakiwa utafute reli za milimita 12, zipo, zinaitwa HOm, ila ni adimu na bei yake imechangamka. Mimi nikageuza hesabu. Nikachukua reli za milimita 16.5 ambazo ndo zinapatikana hata kwenye midoli ya mitumba Dar, nikagawa mita moja kwa 16.5, inakuja kama 60. Kwa hiyo kwangu kila kitu ni moja kwa 60: mtu mzima ana kama sentimita 2.8, behewa la mita 18 linakuwa na sentimita 30, mlango, dirisha, pipa, baiskeli, vyote navigawa kwa 60. Faida nyingine ni kwamba vitu vinakuwa vikubwa kidogo, macho na vidole havipati tabu.

Ubaya ni nafasi. Reli kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,250, ukiipunguza mara 60 bado ni kilometa 20 na ushee, ungetoka nayo Mwanga hapa mjini ukaenda Ujiji ukarudi na bado reli inabaki mkononi. Mimi nina nusu plaiwudi, ile ya futi 8 kwa 4 imepasuliwa kwa urefu, basi. Ndo maana nikachagua stesheni ya Kigoma na sio Tabora. Tabora ni makutano, kuna njia ya Mwanza, kuna yadi kubwa, ile inataka chumba kizima. Kigoma reli inaishia. Ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, ikafika ziwani 1914, ikasimama hapo maana mbele ni maji. Stesheni ya mwisho inakubali kukaa kwenye ubao mwembamba ulionyooka: jengo la Wajerumani lenye matao upande mmoja, njia tatu katikati, bandari upande mwingine, na nyuma kilima. Sikuhitaji hata kona moja.

Sasa nije kwenye mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli kuzishikilia, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayofanya mtu aliyekulia huku aseme hii ni yetu. Reli za modeli za dukani zina mataruma ya plastiki yenye alama za mbao, membamba na yamebanana. Nenda kaangalie njia yetu ya zamani. Sehemu kubwa ni mataruma ya chuma, yamekunjwa kama bakuli refu lililofunikwa, ncha zimezama ndani ya kokoto, na yameachana zaidi kuliko yale ya dukani. Kwa hiyo mi navua reli kutoka kwenye plastiki yake, natengeneza mataruma yangu. Usitumie bati, hata kama ndo linafanana zaidi, kwa sababu umeme unapita kwenye reli zote mbili, moja chanya moja hasi, ukiziunganisha kwa chuma inapiga shoti hapo hapo. Natumia kadi ngumu za plastiki zilizoisha muda, zile za benki na za simu, nakata vipande vya milimita 30 kwa 4, napasha moto kidogo juu ya mshumaa nakandamiza kwenye kijiti ili mgongo uinuke na ncha zishuke, napaka rangi ya kutu iliyochanganywa na nyeusi kidogo, halafu nagandisha reli juu yake kwa supaglu nikiwa na kipimo cha milimita 16.5 kati ya reli. Kazi ya polepole. Usiku ukiwa na redio na chai inaenda tu.

Ubavu wa reli nao unapakwa rangi ya kutu, ila juu panabaki pang'avu kwa sababu gurudumu linapasugua. Kwenye njia za pembeni ambazo treni haipiti sana kiukweli hata juu pangekuwa na kutu, lakini kwenye modeli huwezi kupaka maana umeme hautapita, kwa hiyo hapo nakubali kutokuwa sahihi na badala yake naotesha majani katikati ya njia, mtu akiona majani anaelewa hapa hapapitwi sana.

Udongo sinunui. Nauchota pale pale karibu na njia, ule mwekundu wetu, naukaanga kwenye sufuria kuukuu ili wadudu na unyevu viishe, nautwanga, nauchekecha kwa soksi nyepesi ya kike. Kisha, na hili usiliruke, napitisha sumaku ya spika juu yake mara kadhaa. Utashangaa. Sumaku inatoka imeota ndevu nyeusi za chembe za chuma. Hizo chembe ukiziacha kwenye ubao, mota ya kichwa cha treni ina sumaku ndani, itazivuta zote mpaka kwenye gia na mota imekwisha. Ukishausafisha unaumwaga kwenye ubao, unapuliza maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo ili gundi isikimbie, kisha unadondoshea gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa na maji. Kesho yake pamekauka na rangi ni ile ile ya Kigoma, huna haja ya kuchanganya chochote. Mchanga mwingine wa rangi hiyo hiyo, ule laini kabisa, naufanya poda ya kupaka kwenye mabehewa kwa brashi kavu.

Kichwa ninachojenga ni cha daraja la 88, zile dizeli zilizotengenezwa Montreal, Kanada, zikaletwa miaka ya 70 mwanzoni enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Ni vichwa vya ekseli sita, tatu mbele tatu nyuma, kwa hiyo nilitafuta chasisi ya HO iliyotumika yenye ekseli sita, nikaikata katikati nikairefusha, bodi nikaijenga kwa plastiki ya milimita moja. Kitu cha kwanza cha kuondoa kwenye treni yoyote ya Ulaya ni zile bafa mbili, viduara vya kupokea mgongano vilivyo kushoto na kulia kwenye ncha ya behewa, kwetu hakuna, kupla yetu, yaani kiungio cha mabehewa, iko katikati peke yake. Kitu kidogo lakini ukiviacha hivyo viduara viwili macho yanakataa kabisa.

Kuna mzee jirani yangu, alikuwa fundi wa mabehewa mpaka akastaafu, huwa anapita jioni kuangalia. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba huku ameshainama kwenye ubao, akalishika behewa la abiria nililokuwa nimelipaka vumbi juu mpaka chini, akaligeuza, akasema, "Mwanangu, hili umelipaka kama limelala shambani. Behewa linalotembea halichafuki hivi." Akanionyesha kwa kidole: juu ya paa ni masizi, yanaanzia upande ulio karibu na kichwa. Ubavuni vumbi linaanzia chini linapanda, likifika kwenye madirisha limeisha, na chini ya kila dirisha kuna michirizi kwa sababu abiria wanamwaga maji na wananawa hapo. "Na huku kwenye magurudumu," akasema, "sio vumbi la njia, ni vyuma vya breki. Breki ikibana chuma kinasagika, kinaruka, kinaota kutu. Weka rangi ya kahawia iliyoiva, usiweke nyekundu." Nikamuuliza na mabehewa ya mafuta je? Akacheka, "Hilo angalia mdomo wake tu, panapojazwa. Mafuta yakimwagika yanashuka ubavuni, vumbi linagandia hapo, panakuwa peusi panang'aa. Kwingine kote pamepauka."

Tangu siku hiyo kabla sijashika brashi najiuliza huu uchafu umetoka wapi. Kwenye kichwa nimefuata njia hiyo hiyo: weusi kuzunguka egzosi, mafuta yamechuruzika chini ya kifuniko cha tanki, ngazi za dereva zimechubuka katikati ambako mguu unakanyaga, na vishikio vya mkono vinang'aa pale tu mkono unapofika. Kishikio chenyewe ni waya wa simu wa zamani uliovuliwa ngozi, mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, nimeukunja kwa koleo nikautoboa kwenye bodi na pini ya moto. Ukikiangalia kwa karibu unaona kabisa dereva anapandia kushoto.

Upande wa bandari nilipata mtihani mtamu. Huwezi kujenga Kigoma bila Liemba. Ile meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar na sehemu kubwa ya safari ya bara ikapanda hii hii reli ninayoijenga, ikaungwa upya hapa na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, baadaye ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Yaani reli na meli ni ndugu, huwezi kuweka mmoja ukamwacha mwenzake. Tatizo urefu wake ni kama mita 71, ukigawa kwa 60 unapata sentimita 118, karibu nusu ya ubao wangu wote! Kwa hiyo nimejenga upande wa mbele tu, kama sentimita 45, ukingo wa ubao unaikata na mwili uliobaki unauwaza mwenyewe. Naona ni bora hivyo kuliko kujenga meli nzima iliyopunguzwa mpaka ikaonekana mtumbwi kando ya treni.

Wapo wanaoniambia nijenge Garratt, zile injini za mvuke kubwa za daraja la 59. Nazipenda sana. Zilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima, na mbili zilizobaki pale makumbusho ya reli Nairobi zina majina ya milima ya kwetu, Gelai na Shengena. Lakini zilikuwa za njia ya Mombasa na Nairobi, Kigoma hazikuwa zake, na kwa skeli yangu moja ingekuwa na zaidi ya nusu mita. Ubao huu una mji mmoja, nauheshimu.

Ukishajenga, cheza. Na mchezo wa stesheni ya mwisho ni mzuri kuliko kuzungusha treni kwenye duara. Upande wa kulia, nyuma ya kilima, nachomeka kipande cha ubao nilichokiita Tabora, kwa sababu huko ndiko treni kutoka Dar inakokatwa, mabehewa ya Mwanza njia yake na ya Kigoma njia yake. Treni inatoka huko na mabehewa matatu, inaingia stesheni, kichwa kinajifungua, kinapita njia ya pili, kinakuja kujifunga upande wa nyuma. Kisha kuna mabehewa ya saruji na unga yanayotakiwa bandarini kwenda Bujumbura na Kalemie, kuna ya mafuta yasiyotakiwa kukaa karibu na abiria, kuna moja limekaa njia ya tatu linamziba mwenzake. Kulipanga hilo bila kuinua kitu kwa mkono ni jioni nzima. Umeme ni volti 12 tu, kwa hiyo ukikatika naunga betri ya pikipiki na kontrola ndogo ya mota, kazi inaendelea. Kabla ya kuanza nafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti, maana kwa vumbi letu ukiruka hiyo hatua treni inasitasita.

Kwa anayetaka kuanza: usianze na kichwa, anza na behewa moja la mizigo, lile la boksi. Nenda stesheni, muone mkuu wa stesheni umuombe ruhusa ya kupiga picha na kupima, usijipenyeze, ukieleza vizuri unaeleweka. Piga picha chini zaidi kuliko juu, ekseli, breki, maandishi ya uzito ubavuni, bawaba za mlango. Na fanya mapema, maana SGR inakuja mpaka huku na vifaa vingi vya njia ya zamani vinaweza kubadilishwa au kuuzwa chuma chakavu.

Mimi sasa hivi nipo kwenye kreni ya bandarini na bomba la maji lililokuwa likijaza injini za mvuke. Kreni nina picha za kutosha. Bomba sina hata moja inayoonyesha chini lilivyofungwa, kwa hiyo kama baba yako au babu yako alifanya kazi reli Kigoma na kuna albamu ya zamani nyumbani, tafadhali iangalie, hata picha ya familia iliyopigwa stesheni inaweza kuwa nalo kwa nyuma.