Siku moja maishani mwangu: nakagua leseni za madereva kwenye ofisi ya bima, Leicester

SAA 2:30 ASUBUHI
Nipo kwenye basi, baridi ya kufa mtu. Watu wa nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani huku nasema "bima" tu maana kuelezea ni ndefu. Nipo kwa broka wa bima za magari, kitengo cha uhakiki, yaani ukishakata bima yako mtandaoni sisi ndo tunaangalia kama ulichojaza kinaendana na ukweli.

SAA 3
Nawasha kompyuta, foleni ya faili zilizogoma inanisubiri. Uingereza leseni zinatunzwa na DVLA, wakala wa serikali wa leseni, kule Swansea (Northern Ireland wana ofisi yao), na tangu 2014 kampuni za bima zina njia ya kuchungulia humo inaitwa MyLicence. Mteja akijaza namba ya leseni, hata bei hajaiona bado, sistimu imeshajua leseni yake ni kamili au ya kujifunzia, kaipata lini, anaruhusiwa gari gani, ana pointi ngapi za makosa ya barabarani na kama aliwahi kufungiwa. Sasa mtu namba kaweka mwenyewe halafu pointi anaficha, hapo unamficha nani?

Na hiyo namba yenyewe inaongea. Ina herufi na tarakimu 16, tano za mwanzo ni jina la ukoo, likiwa fupi wanajazia 9, kwa hiyo Juma anakuwa JUMA9 na Ali anakuwa ALI99. Zinafuata tarakimu za tarehe ya kuzaliwa zikiwa zimevurugwa kidogo, na kama ni mwanamke tarakimu ya kwanza ya mwezi inaongezwa 5, aliyezaliwa mwezi wa tatu anasomeka 53. Kwa hiyo mtu akiandika namba ya mumewe kwenye fomu yake naiona kabla hata sijabonyeza kitu.

SAA 4
Faili nyingi zilizogoma sio za matapeli, ni tarehe tu. Kijana kaandika ana leseni miaka minne, rekodi inasema mmoja na nusu, kumbe kahesabu tangu alipopewa ile ya kujifunzia. Bei inapanda, analalamika, namwelewa ila ndo hivyo. Afu kuna wa kinyume chake, mama mmoja kajaza 2021 wakati amefaulu mtihani 2003, maana kasoma 4a mbele ya kadi, ambayo ni tarehe kadi ilipotolewa, na kadi hubadilishwa kila miaka 10. Tarehe unayoitaka ipo nyuma, safu ya 10, mstari wa B, yaani magari madogo. Huyu bei yake imeshuka, akanishukuru kama nimempa hela yangu mfukoni.

SAA 5
Pointi sasa. Ukipigwa tochi ukapewa SP30, namba ya kosa la mwendokasi, inakaa kwenye rekodi miaka 4 tangu siku ya kosa. Ukishikwa umelewa, DR10, inakaa 11. Lakini fomu za bima kwa kawaida zinauliza makosa ya miaka 5 iliyopita, na hapo ndo kwenye ugomvi, mtu anasema "mbona DVLA wameshafuta?" Ndio wamefuta, ila swali linasema mitano, jibu swali lilivyoulizwa. Ukipelekwa kwenye kozi ya mwendokasi badala ya pointi, hiyo sio hukumu na huku kwetu haionekani, fomu ikiuliza hukumu tu huna cha kutaja, ikiuliza na kozi basi taja.

Sheria ya bima ya 2012 inatenganisha aliyeteleza na aliyedanganya makusudi. Aliyeteleza anaweza kulipwa fidia kwa uwiano wa bei aliyolipa na ile aliyopaswa kulipa. Mwongo mkataba wake unafutwa kama haujawahi kuwepo, pesa yake inaweza isirudi. Na bima ikishafutwa halafu polisi wakusimamishe barabarani ni faini ya pauni 300 na pointi 6, na kama hujatimiza miaka miwili tangu ufaulu, pointi 6 maana yake leseni inafutwa, unaanza upya na mitihani yote miwili.

SAA 7 MCHANA
Pilau la jana, maikrowevu, dakika ishirini. Ofisi nzima inanukia bizari wanyamaze tu.

SAA 8
Mwenzangu ananirushia simu, mteja kasikia jina langu kaomba anitafute mimi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hawa wenzako wananiambia sina uzoefu!" Kaendesha malori Dar hadi Tunduma tangu mimi sijazaliwa, leseni yake ya Tanzania iko hai, anakaa kwa binti yake huku mwaka na miezi sasa. Sistimu inamwona sifuri kwa sababu inasoma Swansea tu, Dar haifiki, leseni ya nje tunaomba picha mbele na nyuma basi. Ila tatizo lake kubwa ni muda, ukishahamia hapa leseni ya Tanzania unaitumia miezi 12 tu. Hata kubadilishana haiwezekani, Zimbabwe na Afrika Kusini wanabadilishiwa, sisi na Wakenya hatumo. Kwa hiyo mzee aombe ya kujifunzia, pauni 34 mtandaoni, halafu mtihani. Akanyamaza kidogo akauliza, "Nifundishwe na nani sasa?" Sikuwa na jibu la adabu.

SAA 10
Waliokataa kutoa namba ya leseni nawaandikia wachukue namba ya siri ya kutuonyesha rekodi yao kwenye tovuti ya serikali, inatumika mara moja na inakufa baada ya siku 21. Zimekuja nyingi zimeshakufa. Narudisha meseji ileile, mpaka jioni.

SAA 12 JIONI
Nipo njiani nyumbani, dada mmoja wa kwenye chama chetu ananiuliza WhatsApp: gari la mwanae wa miaka 18 aliandike yeye kama dereva mkuu ili bei ishuke, si sawa? Nikamwambia hapana dada, hilo ndo la kwanza kutafutwa gari likigongwa, wataangalia gari linalala wapi na nani anaenda nalo chuoni kila siku. Akasema "lakini Jumapili naliendesha mimi kanisani." Basi andika hivyo, mkuu mtoto, wewe wa ziada, sa nyingine mzazi akiongezwa bei inapungua kihalali. Kanitumia emoji ya kulia machozi, sijui bado yuko kwenye kujaza fomu au ndo ameshaona bei.