Pikapu sio fowili, sasa niinyanyue ya nini?

Miezi kadhaa sasa nimekuwa naiangalia pikapu yangu kwa jicho baya. Ni ya zamani, sio fowili, inasukumwa na matairi ya nyuma tu, na kila nikipita njia ambayo malori yameichimba pembeni ikabaki tuta katikati naisikia inajikuna tumbo, krrrr, na mimi najikunyata kwenye siti utadhani ndo itapungua uzito. Alafu nakutana na zile zilizonyanyuliwa, zimekaa juu huko zinaniangalia kwa dharau. Nikasema basi, na yangu inapanda.

Nikaenda kwa fundi wangu, mtu wa maneno machache. Nilitegemea aniulize inchi ngapi, yeye akauliza, "Inagusa wapi?" Nikabaki nimetoa macho, maana nilikuwa najua inagusa, wapi sijui. Akanitupia gunia. "Lala chini uangalie kwanza."

Nikalala. Na kusema kweli kama hujawahi kulala chini ya gari lako mwenyewe na tochi hujalijua gari lako. Difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma lenye gia za kuzungusha matairi, ilikuwa na mikwaruzo ya zamani, imeshapata kutu juu yake. Mikwaruzo mipya, ile inayong'aa, yote ilikuwa kwenye bomba la ekzosi, na bomba lenyewe raba moja ya kulishikilia ilishakatika kwahiyo lilikuwa limelegea linaning'inia chini kuliko kitu chochote kingine. Yani miezi yote hiyo nahangaika na inchi za kunyanyua, kumbe kinachopiga kelele ni raba.

Ila kichaa cha kunyanyua hakiishi kwa raba, kwahiyo nikaendelea kuulizia, na kitu cha kwanza kilichonipoza ni hesabu ya difu. Ekseli ya nyuma imebebwa na matairi, springi ziko juu yake, sasa ukiweka vitofali, vile vipande vya chuma vya kunyanyulia, kati ya ekseli na springi unanyanyua chesisi na bodi, difu inabaki pale pale ilipo. Weka vya kimo chochote, jiwe lililokuwa linagonga difu jana litaigonga na kesho. Kinachoipandisha difu ni tairi tu, na tairi nalo linakupa nusu ya ulichoongeza. Mfano tairi la 205/70R14 lina kipenyo cha kama milimita 643, ukihamia 215/75R15 unapata kama 703, hapo umeongeza 60 lakini difu imepanda 30 tu, sentimita 3. Na hizo sentimita 3 sio za bure, kwanza unabadili na rimu, alafu spidomita inaanza kudanganya, inakuonyesha 80 wewe uko karibu 88, na injini ya zamani ambayo kilima ilikuwa inapanda na gia ya tatu kwa kujikongoja sasa inaomba ya pili, maana ni kama umeirefushia gia zote kwa asilimia 9 hivi. Bado hujageuza usukani mpaka mwisho ukasikia tairi linasugua madigadi.

Mbele ndo nina kidonda changu binafsi. Hii gari mbele haina springi za kuzunguka, ina tosheni baa, ule mtarimbo unaojipinda, na una bolti ya kurekebisha. Ukikaza, gari inapanda, dakika ishirini umemaliza na hujanunua hata nati. Nilishawahi kufanya hivyo, kabla hata ya kwenda kwa fundi, nikakaza pande zote mbili, nikasimama mbali nikaisifia. Kilichofuata ni gari kudunda kama mkokoteni, kwasababu ile mikono ya mbele ilikuwa imeshashuka karibu mwisho wake, kwahiyo tairi likiingia shimoni halina pa kushukia, chuma kinagonga stopa. Na alaimenti, ile kupima na kunyoosha matairi yaelekee sawa, sikufanya, uvivu tu. Baada ya muda siku moja napitisha mkono kwenye tairi la mbele nasikia meno, ukienda huku laini ukirudi huku linakwaruza kama msumeno, na upande wa ndani limelika mpaka linaonea huruma. Bolijoint, vile viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu la mbele, nazo zilikuwa zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Nikalegeza bolti kimya kimya, hamna aliyejua mpaka leo ninapoandika hapa.

Ambacho kilinitisha kweli ni breki lakini. Pikapu nyingi za zamani zina valvu nyuma, imeungwa kwa kijiti mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kusoma mzigo: ukipakia, bodi inashuka, kijiti kinasukumwa, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi, ukiwa tupu inazipunguzia ili tairi za nyuma zisigande ukayumba. Sasa wewe nyanyua nyuma bila kurekebisha kile kijiti uone, valvu inadhani gari iko tupu siku zote, hata ukiwa umebeba mzigo wa kufa mtu. Yani siku unayozihitaji breki za nyuma ndo siku zimepumzishwa. Ongeza na mipira ya breki ambayo inaweza kuwa mifupi kwa kimo kipya, na propela, ule mtarimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma, ambayo pembe zake zimebadilika ikaanza kutetemesha gari na kula krosi, yani viungo vyake. Sisemi haifanyiki, watu wanafanya na wanafanya vizuri, nasema ukinunua vitofali viwili na yubolti ndefu za kuvifungia hujamaliza, ndo umeanza.

Na lile swali ambalo nilikuwa nalikwepa, ni mara ngapi nimekwama kwa sababu ya kimo? Nikikumbuka vizuri, hata moja hamna. Mara zote nilizokwama ni tairi moja la nyuma linazunguka kwenye tope na lenzake limesimama linatazama, maana difu ya kawaida inapeleka nguvu kwa anayeteleza, na pikapu tupu nyuma haina uzito wa kukandamiza. Inchi mbili za juu hapo zitafanya nini? Mifuko miwili mitatu ya mchanga juu ya ekseli na matairi yenye meno yanafanya zaidi.

Fundi ndo akanionyesha la mwisho. Alichukua futi akapima kutoka katikati ya habu, pale katikati ya gurudumu, mpaka ukingo wa madigadi juu yake, pande zote nne. Nyuma upande wa dereva ulikuwa chini kuliko mwenzake kwa sentimita mbili na nusu. Zile springi za mabamba ambazo zinatakiwa ziwe na mkunjo kama upinde zilikuwa zimenyooka kama rula, na raba ya kuzuia ekseli isigonge chesisi ilikuwa karibu inaigusa na gari haina hata ndoo nyuma. "Hii haijawahi kuwa fupi," akasema, "imechoka." Miaka yote hiyo ya mizigo imeizamisha kidogo kidogo na mimi nikazoea nikadhani ndo urefu wake.

Kwahiyo sinyanyui. Nafunga springi mpya za nyuma za kimo chake cha kiwandani pamoja na bushi na shokapu, mbele tunarekebisha tosheni baa irudi kwenye kipimo chake alafu safari hii naenda alaimenti siku hiyo hiyo. Matairi haya yakiisha nitapanda saizi moja tu, ya rimu hizi hizi, yenye meno.

Raba ya ekzosi nimeshafunga. Jana nimepita ile njia ya tuta, dirisha wazi, redio nimezima makusudi. Imegusa mara moja tu, kidogo, pale mwishoni.