Siku moja ya mwalimu mkuu kijijini

Saa 12:40 asubuhi niko shuleni. Wengi wanadhani mwalimu mkuu kazi yake ni kugonga mihuri na kupokea wageni wa halmashauri. Mimi naongoza shule ya msingi ya serikali mkoani Singida, na ofisini nakaa kidogo sana.

Saa 1:00. Usafi, mstarini, maandalio ya masomo nayasaini.

Saa 2:00. Saa ya kusoma. Muhula huu tumeanza kuwagawa watoto wa la tatu hadi la tano kwa uwezo wa kusoma: herufi, silabi, maneno, hadithi. Njia hii ilianzia India kwa shirika la Pratham, na Zambia nao wanaitumia. Inahitaji kadi za manila tu, ambazo ruzuku ya uendeshaji inazimudu. Tangu michango ya lazima ifutwe mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mtoto asiyejua kusoma anaweza kujificha nyuma ya wenzake hadi la saba. Kundi la silabi nalifundisha mwenyewe, chini ya mwarobaini.

Saa 2:20 anafika baba mmoja na pikipiki. Salamu hakuna.

"Mwalimu, mwanangu yuko la nne. Kwa nini umemrudisha la kwanza?"

Nawaachia watoto kadi, nampeleka ofisini, nampa kiti. Hakai. Namweleza kwamba mtoto bado yuko la nne, masomo mengine yote anasoma na wenzake. Anaanza upya, sauti sasa inafika madarasani. Watoto wa jirani wanamcheka mwanawe. Ataenda kwa Afisa Elimu Kata, kwa diwani, mpaka wilayani. Simu inaita: takwimu za madawati zinatakiwa kabla ya saa 6. Naikata. Baba anataka mtoto aitwe asome mbele yetu. Nakataa. Mtoto wa miaka kumi hapimwi mbele ya mzazi aliyekasirika, na kwa hilo sirudi nyuma hata aje nani. Namwomba twende mwarobaini, akae pembeni asikilize. Anakaa juu ya tofali, mikono kifuani. Mwanawe anakwama kwenye "mbwa", anarudia, anakwama tena, anaipata.

Baba anasimama. "Kusoma asome. Ila kuchanganywa na wadogo, hapana."

Amechukua zaidi ya saa nzima, lakini hoja anayo.

Kisha takwimu, fundi wa choo, mtoto mwenye homa wa kupelekwa zahanati. Ugali nimekula umeshapoa.

Watoto wameondoka, tunakaa jumuiya ya kujifunza, kikao cha walimu cha kujadili ufundishaji. Miguu inauma. Mwalimu wetu mkongwe anasema wazi: "Mkuu, mtaala wa 2024 hatujauzoea, umetuletea na hili." Ana haki ya kuchoka. Mwaka 2015 alipokea mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), sasa huu, na kila badiliko lilimwongezea kazi bila kumpunguzia. Waraka ningeweza kumsomea, lakini walimu vijana humtazama yeye kabla yangu. Akikataa moyoni, kadi zitabaki kabatini.

"Nikupunguzie nini, Mwalimu?"

Anafikiri. "Zamu. Na hao wakubwa wa silabi wapewe saa yao peke yao, nitawachukua mimi."

Nimefungua ratiba hapohapo. Kwenye zamu yake ya wiki ijayo nimeandika jina langu.