Miti Mitatu ya Miaka Mia

Sura ya nne ilirudi mezani kwangu ikiwa haina kistari hata kimoja. Wakati huo nilikuwa msahihishaji wa lugha, nikipitia kitabu cha Kiingereza kuhusu misitu kabla hakijakwenda kwa mpangaji kurasa. Mwandishi wa sura hiyo, mtafiti wa misitu wa siku nyingi, aliipitia kwa mara ya mwisho, akaiamuru kompyuta igeuze kila kistari kuwa nafasi tupu. "Slow-growing species" ikawa "slow growing species", "long-term study" ikawa "long term study", na hivyo hivyo hadi ukurasa wa mwisho. Juu kabisa aliandika kwamba vistari vimepitwa na wakati na vinaichafua sentensi.

Alikuwa na hoja, tena si ya kubuni. Mwaka 2007 toleo la sita la Shorter Oxford English Dictionary lilitoka likiwa limeondoa vistari kwenye maneno yapatayo 16,000. "Ice-cream" iliachanishwa ikawa "ice cream". "Bumble-bee" iliunganishwa ikawa "bumblebee". Habari hiyo ilienea, na wengi waliipokea kama tanzia ya kistari. Lakini mifano iliyotajwa sana ilikuwa nomino ambatani, maneno ambayo kamusi huyaorodhesha yakiwa yamesimama peke yake. Hakuna kamusi inayoweza kuorodhesha maneno ambayo mwandishi anayakutanisha leo hii, kwa mara ya kwanza, ili yavumishe nomino inayofuata. Hapo mwandishi huamua mwenyewe, na kistari ndicho chombo alichonacho.

Mhariri mkuu alinipigia simu. "Mwanangu, kitabu kinaondoka kesho. Nenda kaa na Profesa, mpitie pamoja. Usirudishe kistari ambacho huwezi kukitetea."

Agizo hilo la mwisho nililipenda na bado nalipenda. Ningeweza kuirudisha nakala yangu ya awali kwa kubonyeza kitufe, na mambo yangeishia hapo. Kutetea kimoja kimoja ni kazi nyingine kabisa.

Tulianza na sentensi iliyokuwa imenisumbua tangu nilipofungua faili: "We measured three hundred year old trees on the northern slope."

"Profesa, mlipima miti mingapi?"

"Mitatu. Kila mmoja una miaka mia, pengine na ushei."

"Sasa naomba uisome kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga mteremko ule."

Aliisoma kwa sauti. Nikamwandikia pembeni namna tatu za kuiweka. Ukiandika "three hundred-year-old trees", miti ni mitatu na kila mmoja una karne. Ukiongeza kistari baada ya "three", ikawa "three-hundred-year-old trees", umri umepanda kuwa miaka mia tatu na idadi ya miti imepotea. Ukikiacha kati ya "year" na "old" tu, "three hundred year-old trees", basi mteremko mzima umejaa miche mia tatu iliyotimiza mwaka mmoja. Maneno ni yale yale, kwa mpangilio ule ule.

"Lakini msomaji ataliona jedwali," alisema.

"Jedwali liko kurasa nne mbele, Profesa. Akifika huko atakuwa amekwisha kuamini jambo."

Hakubisha. Aliitazama ile namna ya tatu kwa muda, akasema kwamba mtaalamu mwenzake akiisoma vile atadhani walipanda kitalu wakakiita msitu wa kale. Hata hivyo sikutaka turidhike na vistari peke yake. Maneno mawili ya hesabu yakifuatana, jicho hujikwaa hata pale vistari vilipo sawa, kwa hiyo nilipendekeza moja liandikwe kwa tarakimu: "three 100-year-old trees". Akakubali papo hapo.

Kitalu kilipotajwa, nikakumbuka ukurasa wa pili. Palikuwa na "a small tree nursery", na hapa hata mimi sikujua alikusudia nini. Je, ni kitalu kidogo cha miti, au kitalu cha miti midogo? Sisi tunaosema Kiswahili hatupati taabu hii, kwa sababu upatanisho wa ngeli hutufanyia kazi: "kidogo" kinashikana na kitalu, "midogo" inashikana na miti, na hakuna anayeweza kuwachanganya. Kiingereza hakina ngeli. Kinapanga vivumishi kwa foleni mbele ya nomino bila kiunganishi chochote, halafu kinamwachia msomaji abahatishe nani ni wa nani. Kistari kinaziba pengo hilo. "Small-tree nursery" ingekuwa kitalu cha miti midogo. Bila kistari, msomaji wa Kiingereza ataelekea kuona kitalu kidogo, maana "tree nursery" ni jina lililozoeleka. Profesa alikusudia kitalu kidogo, kwa hiyo pale hatukuweka kitu. Nilifurahi kwamba uamuzi mmojawapo wa mwanzo ulikuwa wa kuacha, maana sikutaka aamini kwamba nimekuja na mfuko wa vistari wa kumwaga popote.

Kisha akaniuliza swali ambalo wanafunzi wengi wa Kiingereza wamewahi kujiuliza. Mbona nimerudisha kistari kwenye "slow-growing species", lakini aya iliyofuata nimeandika "this species is slow growing" bila kitu? Nilimjibu kwamba katika sentensi ya pili nomino imekwisha kutajwa na kitenzi kimewatenganisha. Hakuna nomino nyingine mbele inayolivuta "growing" upande wake, kwa hiyo hatari imekwisha. Ndiyo maana mtu ni "a well-known botanist", lakini huandikwa "she is well known". Wapo wahariri wanaokiacha kistari hata huko mwisho, na sigombani nao. Mimi naona alama isiyo na kazi inamfundisha msomaji kuzipuuza zenye kazi.

Baada ya hapo tulikwenda mbio. "Fire-resistant bark", "leaf-eating insects" na "old-growth forest" vilirudi bila mjadala. "A 20-metre plot" ilipata kistari, na "metre" ikabaki katika umoja. Lakini palipoandikwa kwa kifupi, "20 m", tuliacha nafasi tu, kwa kuwa ndivyo mfumo wa kimataifa wa vipimo unavyotaka hata pale kipimo kinapovumisha nomino. "Short- and long-term effects", yenye kistari kinachoning'inia hewani baada ya "short", hakuipenda hata kidogo. Aliiona kama sentensi iliyoachwa njiani. Niliitetea: bila kile kinachoning'inia, "short" linabaki halina mwenzake.

Kisha upepo ukageuka. Alipoona mantiki, alianza kuviweka mwenyewe kila mahali, akaandika "rapidly-declining population". Ikabidi nimzuie. Kielezi chenye kiishio cha "-ly" hakihitaji kistari, kwa sababu "rapidly" haliwezi kuivumisha "population" hata likitaka. Lazima liegemee "declining". Jambo la kuangalia ni yale yanayovaa kiishio hicho bila kuwa vielezi. "Family-owned forest" inakihitaji, maana "family" ni nomino.

Tulibishana kwelikweli kuhusu "climate change policy". Yeye sasa alitaka kistari. Mimi nilisema "climate change" limekwisha kuwa jina moja kichwani mwa kila msomaji, na hakuna atakayelitenga "climate" na "change". Tukaliacha wazi. Swali hilo si dogo. Mwaka 2019 shirika la Associated Press, ambalo mwongozo wake hufuatwa na magazeti mengi ya Marekani, lilitumia hoja kama yangu kuruhusu "first quarter touchdown" (bao la robo ya kwanza katika mpira wa Kimarekani) bila kistari. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka huo huo likakirudisha. Niliposoma habari hiyo nilitamani Profesa angekuwa karibu tuendelee pale tulipoishia.

Sentensi iliyotuchelewesha kuliko zote ilikuwa karibu na mwisho: "The shaded plots had more shade tolerant species." Nilirudisha kistari, "more shade-tolerant species", nikaona haitoshi. Je, viwanja hivyo vilikuwa na spishi nyingi zaidi zinazostahimili kivuli, au spishi zinazokistahimili zaidi kuliko nyingine? Matokeo mawili tofauti kabisa ya utafiti yalikuwa yamebebwa na kirai kimoja. Nikajaribu kistari cha pili, "more-shade-tolerant", lakini nani angekiona akaelewa? Kistari kina mipaka yake, na nadhani msahihishaji asiyeijua huharibu kama yule asiyekijua kistari chenyewe.

"Mlihesabu idadi, au mlipima ustahimilivu?" niliuliza.

"Vyote viwili," alisema, "lakini hapa nazungumzia idadi."

Akavuta kompyuta upande wake, akaivunja sentensi yote na kuijenga upya: "The shaded plots had a larger number of shade-tolerant species." Aliisoma mara mbili, akauliza kama kuna namna nyingine yoyote ya kuielewa. Nilitafuta, sikuiona.

Kabla ya kutuma faili niliongeza maelekezo kwa mpangaji kurasa: programu isikate "100-year-old" mwishoni mwa mstari, na kila kistari kilichomo katika sura hiyo kibaki kama kilivyo, kwa kuwa mwandishi amekwisha kukiona.