Malaika hakumkemea Eliya kwa kulala

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na 1 Wafalme 19, pale Eliya kachoka mpaka anaomba afe, akajilaza chini ya mretemu akapitiwa na usingizi. Malaika akamgusa, inuka ule. Akala, akanywa maji, alafu akalala TENA. Na malaika wala hakumsema, alirudi mara ya pili akamgusa, akamwambia ale maana safari ni kubwa mno kwake.

Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaoishi na nakolepsia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apitiwe na usingizi mchana bila kupenda, na kwa nyie mnaotuona tukisinzia kwenye ibada mkadhani tumepoa kiroho. Wengi wetu chembe za ubongo zinazotengeneza oreksini zimekufa, na hiyo oreksini ni kemikali ya ubongo, ndo inamshikilia mtu awe macho na usingizi ukae mahali pake, sasa isipokuwepo vyote vinavurugika, mchana unapitiwa katikati ya maongezi, usiku unalala haraka sana alafu saa nane uko macho, unasinzia kidogo, saa tisa na nusu tena, ni usingizi wa mang'amung'amu mpaka asubuhi. Na jinamizi humo humo, unaona mtu kasimama mlangoni na huwezi kuinua hata kidole. Watu wanaambiwa ni mapepo jamani, kumbe akili imeamka na mwili bado umelegea kama wa mtu anayeota. Omba ndiyo, mimi naomba, ila usimkemee mtu pepo ambalo hana.

Kinachochanganya zaidi ni dawa. Umepewa modafinili, mchana una nafuu, unafanya kazi, watu wanakwambia umepona, na usiku uko vile vile. Hiyo dawa kazi yake ni kukuweka macho mchana, kuunganisha usingizi wa usiku haiwezi, na ukiimeza kwa kuchelewa ndo unaharibu kabisa kwa sababu baada ya masaa 12 hivi karibu nusu yake bado imo mwilini. Kwahiyo mweleze daktari habari za usiku pia, wengi tunasema ya mchana tu tunaondoka, na kuna matibabu ya usiku anayoweza kuyafikiria. Usiache dawa eti kwa sababu umeombewa, wala usijiongezee kidonge.

Saa tisa hiyo ukiwa macho, simu iache mbali. Mimi nashika Zaburi 121, anayenilinda hasinzii wala halali, basi zamu ya usiku sio yangu na nisipopata usingizi hakuna kitu kinaanguka. Kuna siku inanituliza, kuna siku nalia tu, na yote mawili nayapeleka kwake.

Viongozi wangu nawaomba hili, mtu akiomba akajilaze dakika 15 au 20 kabla ya mahubiri mpeni nafasi, hako kausingizi ni sehemu ya matibabu yake, akirudi atalisikia neno lote.