Walakini ya Mama

Jumamosi, saa nne usiku

Mama amelala. Chupa yake ya maji ya nusu lita iko mezani, yamebaki kama mafunda matatu.

Huu ni mwezi wa nane tangu figo zake zigome. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunatoka nyumbani alfajiri, anakaa kwa muda wa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, damu ikitoka na kurudi kwa mirija. Anapimwa uzito akiingia na akitoka, maana maji yasiyotoka kwa mkojo hubaki mwilini mpaka mashine iyavute. Ndiyo sababu anakunywa kwa kipimo, na joto hili la Dar es Salaam. Halafu ndizi. Mama ni mtu wa Marangu, amekulia chini ya migomba, na leo mtori ni wa kuogopwa, kwa kuwa potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Maharage vilevile, parachichi vilevile. Viazi navikata vidogo, nachemsha, namwaga maji, nachemsha tena. Ladha yote inakwenda na yale maji. Anakula, anashukuru.

Jana presha ilishuka katikati ya kusafishwa. Nilimwona midomo ikipauka. Nesi akakilaza kiti haraka, akamwinua miguu. Nikatoka nje, nikalia kwenye ngazi. Sikuomba. Nilimkasirikia Mungu, nikamkasirikia na yule mpendwa wa jumuiya yetu aliyesema kwamba Mama angekuwa na imani ya kutosha angeshapona. Neno lile limenichoma miezi yote hii.

Tukiwa kwenye bajaji kurudi, nilimwambia Mama yote. Alinyamaza mpaka tukavuka mataa.

"Mwanangu, hata mimi nimechoka. Namwambia Mungu kila siku kwamba nimechoka. Nani amekuambia imani ni kunyamaza?"

Usiku akaniomba nimsomee Habakuki, sura ya 3. Nabii anataja kimoja kimoja: mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, zizi lisilo na kundi, ng'ombe waliokwisha. Hafichi hasara hata moja. Ndipo linakuja neno "walakini", na nyuma yake furaha katika Bwana. Sisi mtaani tukisema jambo lina walakini, tunamaanisha lina kasoro, usilishike sana. Nimeisoma sura hii tangu kipaimara, na jana ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba nabii ameitia kasoro huzuni yenyewe. Ipo, ni ya kweli, lakini ina walakini.

Mama, macho yamefumba, akaongeza aya yake: "Na mgomba hautazaa, na figo hazitafanya kazi. Walakini..." Usingizi ukamchukua hapo.

Nimewaza sana leo kuhusu kitenge. Kila siku ya mashine anachagua kitenge kizuri na kilemba cha kufanana nacho, kama anakwenda kwenye sendoff. Mzee wa kiti cha jirani humpigia makofi akiingia. Nilikuwa nadhani anafanya hivyo ili sisi wanawe tusiogope. Sasa sina hakika kama ni kwa ajili yetu.

Jioni nilimuuliza mbona maji hajayamaliza, na midomo imemkauka.

"Nimeyabana. Kesho kwaya ya akina mama inaimba ibada ya kwanza. Nitayanywa kabla sijasimama."