Namna Nilivyoifuata Iowa Hawkeyes kwa Miaka Ishirini Nikiwa Dar es Salaam

Baba alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1999, nasi tukafuatana naye, mimi nikiwa na umri wa miaka minane. Huo ndio msimu ambao kocha Kirk Ferentz alianza kazi, na Hawkeyes, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ikacheza mechi 11 ikashinda moja tu. Watu huniuliza nilipendea nini timu ya namna hiyo. Nilipendea kwamba kila Jumamosi mji mzima wa Iowa City ulivaa nyeusi na njano, kwamba mzee jirani yetu alitupa mimi na dada yangu masweta yake ya zamani yaliyotufika magotini, na kwamba makumi ya maelfu ya watu waliingia uwanja wa Kinnick kuishangilia timu waliyojua fika kuwa huenda ikafungwa. Mwaka 2002 timu ileile ilimaliza mechi zake zote nane za ligi ya Big Ten bila kufungwa, na mimi niliyewashuhudia tangu walipokuwa chini niliona kwamba furaha ile ni yangu kwa haki.

Tulirudi nyumbani mwaka 2004. Tarehe 1 Januari 2005 Iowa ilicheza na LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, na mpira wa mwisho kabisa wa mechi, muda ukiwa umekwisha, Drew Tate wa Iowa aliurusha kwa mwenzake Warren Holloway, yadi 56, wakashinda 30 kwa 25. Mimi niliyajua hayo siku mbili baadaye kwenye mgahawa wa intaneti, kwa kusoma mistari michache. Nililia pale pale kwenye kiti, na si kwa furaha peke yake, bali kwa kuwa jambo kubwa kama lile lilitokea mimi nikiwa nimelala.

Ndiyo maana ushauri ambao nimepewa na karibu kila mtu, kwamba nilale zangu halafu asubuhi nitazame vipande vya mechi kwenye simu, haujawahi kuniingia akilini. Kipande kinakuonyesha mpira umedakwa. Hakikupi zile saa tatu za kusubiri, na mapenzi ya timu yamo ndani ya kusubiri huko.

Tatizo kubwa ni saa. Mechi ya saa tano asubuhi ya kule huku ni saa moja jioni, haina shida. Ya saa nane na nusu mchana inaanza saa nne na nusu usiku, nayo inavumilika. Ya usiku ndiyo mtihani, kwa sababu inaanza kwetu saa nane na nusu au saa tisa, Jumapili. Mechi hizo huzilalia mapema, nikishaswali isha sizungumzi na mtu.

Ila saa hizo hubadilika, na nililijua hilo kwa maumivu. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, na tofauti yetu inatoka saa nane inakuwa tisa. Tarehe 12 Novemba 2016 Michigan ilikuja Kinnick ikiwa haijafungwa hata mechi moja msimu huo. Nilitega kengele ya saa tisa usiku kwa hesabu ya Oktoba. Nikaamka, nikachemsha chai, nikakaa. Kimya. Nilifungua tovuti moja niliyoilipia mwezi mzima, nayo ikaniambia kwamba haionyeshi nje ya Marekani, jambo ambalo haikulisema wakati inachukua fedha yangu. Nikahamia matangazo ya redio ya timu, nikasikia muziki na matangazo ya biashara. Nikazima simu, nikawasha, nikahamisha modemu hadi dirishani, nikasubiri mpaka karibu saa kumi kasorobo, nikaamini kwamba mtandao umeharibika, nikalala kwa hasira. Mechi ilianza baada ya saa kumi. Nilipoamka saa mbili asubuhi nilikuta Keith Duncan, kijana wa mwaka wa kwanza, amepiga mkwaju wa yadi 33 katikati ya nguzo mpira ukiwa wa mwisho, na Iowa imeshinda 14 kwa 13. Ningevumilia robo saa tu ningesikia uwanja ule ukilipuka.

Tangu siku ile sipigi hesabu tena. Kwenye simu nimeweka saa ya Chicago, kwa kuwa majira yake ni yale yale ya Iowa na simu huyarekebisha yenyewe, na ratiba naiandika kwa majira ya kule. Video nayo niliiacha. Redio haili kifurushi kama video, kwa elfu chache msimu unasogea, na umeme ukikatika simu yenye betri ya akiba inatosha. Ukijua mchezo, sauti ya Gary Dolphin, mtangazaji wa redio ya timu, ambaye nilimsikia tangu utotoni kwenye gari la baba, inakuonyesha kila kitu.

Mwezi wa Septemba 2022 tuliifunga South Dakota State 7 kwa 3 bila kufika hata mara moja mwisho wa uwanja na mpira mkononi: mkwaju mmoja wa pointi tatu, na mara mbili wapinzani walikamatwa ndani ya eneo lao wenyewe, pointi mbili kila mara. Rafiki zangu walisema huo si ushindi. Mimi nilisikia mipira ya Tory Taylor, yule Mwaustralia wetu wa kupiga mateke ya mbali, ikiwarudisha wapinzani nyuma tena na tena hadi wakabanwa ukutani, na kwangu ile ni kazi safi ya ulinzi ambayo wengi hawana subira ya kuithamini.

Karibu kabisa na Kinnick kuna hospitali ya watoto. Tangu mwaka 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima, wachezaji na wageni wakiwamo, hugeuka na kuwapungia mkono watoto wagonjwa walio madirishani ghorofa za juu. Nami huku Dar, mtangazaji akishasema robo imekwisha, huvua visikilizio, husimama sebuleni na kupunga. Binti yangu wa miaka sita alinikuta nikifanya hivyo, akauliza, nikamweleza, naye akasimama kando yangu akapunga kwa mikono miwili. Jumamosi hii mechi inaanza saa nane na nusu usiku. Ameniomba nimwamshe wakati wa kupunga tu, kisha arudi kulala, na kengele ya pili nimeshaitega, saa tisa na robo.